Fundo la Herakle

Shangazi Agripina aliacha kutafuna. Abeli, mfanyabiashara wa nguo kutoka Morogoro, alikuwa akitusimulia jinsi kiwanda kimoja cha Kichina kule Xintang kilivyoimaliza suruali yake ya jinzi.

"Niliwaachia sampo, dada, wakaifumua mshono kwa mshono. Ndivyo wanavyofanya kazi. Hawanakili kitu bila kukipasua."

"Hata bangili?" shangazi akauliza.

"Hata mama mkwe, ukimsahau mezani."

Sikucheka. Asubuhi ile tulikuwa tumemwachia sonara mmoja, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, bangili ya bibi yangu, atutengenezee nyingine nyingi kama ile kwa shaba ya kuchovya dhahabu, tukauze Dar es Salaam. Bibi alipewa na mama mmoja wa Kigiriki ambaye bibi alimlelea watoto kwenye shamba la mkonge Tanga, na hata wakati huo ilikuwa ya kale: vichwa viwili vya simba, na kati yake kamba mbili za dhahabu zilizopitana katika fundo. Nilivyojua mimi, kila bibi harusi wa ukoo wetu aliingizwa bangili ile kwa sabuni, akalia kidogo, na sisi tukayahesabu machozi hayo kuwa baraka.

"Flavia, nyanyuka!"

Tulipanda ngazi za sonara mbio. Mzee Liang alikuwa ameshaibana bangili mezani, msumeno mwembamba kama uzi ukiwa juu ya fundo.

"Laoban! Bu yao! Bu yao!" Bosi, sitaki: shangazi alipaza maneno ya Kichina aliyozoea kuwakatalia wenye maduka pale soko la Liuhua. Mzee akavuta kikokotoo kwa upole, akapunguza bei.

"Si bei, baba wee! Usikate!" Shangazi akaifunika bangili kwa kiganja.

Hapo mzee alielewa, naye akatuonyesha shida yake. Alifuata kamba moja kwa ncha ya kidole mpaka ikapotea chini ya nyingine, akatikisa kichwa. Bila kulitenganisha fundo asingeweza kupata umbo lake. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, bila ubaya: kama hatukati, tuichukue twende.

Shangazi alikuwa ameitegemea kazi ile kuliko nguo zote za safari ya mwaka ule wa tisini na nane. Alinigeukia. "Wewe ndiye uliyesoma. Sema kitu."

Nilichokuwa nacho ni nusu ukurasa niliousoma chuo kikuu. Herakle, shujaa wa hadithi za Wagiriki, alimuua simba ambaye hakuna mkuki uliompenya, akavaa ngozi yake, akaifunga miguu ya ngozi hiyo kifuani kwa fundo. Maharusi wao wakafunga mkanda kwa fundo lile lile, liwalinde, na mume ndiye aliyelifungua.

Alilifungua. Hakulikata.

"Shangazi, hili linafunguka."

"Nani kakwambia?"

"Wagiriki."

"Wako wapi niwaulize?"

Nilivua kilemba changu, nikamwomba na chake, nikavipitisha kama zile kamba. Nilipovuta, fundo lilikaza. Niliposukuma pande mbili zikutane, lililegea likaachia. Mzee Liang alisogeza miwani. Akaniachia kiti chake.

Niliisukuma dhahabu. Haikusogea. Kama nusu ukurasa wangu ulikuwa uongo, ningeivunja mwenyewe. Mzee alileta maji ya moto na brashi, akasugua polepole, na ndani ya fundo ukatoka uji mweupe: sabuni ya mama yangu, ya shangazi zangu, ya maharusi wote. Tukasukuma pamoja, yeye upande wake, mimi wangu.

Kamba ziliteleza. Bangili ikafunguka mezani, bila mkwaruzo.

Mzee Liang alipiga makofi kama mtoto. Shangazi aliichukua, akaizungusha mkononi mwake mnene, akalifunga fundo.

"Siku ya harusi yangu walipaka sabuni, wakapaka mafuta, mkono ukavimba," alisema. "Niliolewa bila kuivaa, Flavia. Wakasema ndoa yangu haina ulinzi. Miaka yote hii nilidhani kasoro ni yangu."

Akauinua mkono, akapiga vigelegele mpaka mafundi wa vyumba vya jirani wakatoka kutazama. Mzee Liang, akicheka, alinyoosha kiganja aichukue, aanze kazi.

"Subiri kidogo, laoban," shangazi alimwambia kwa Kiswahili. "Bado naivaa."