Samaki Asiyeungua

Samaki wa kwanza kutoka kwenye karai la mke wangu nilikuwa namla mimi, hadharani, kwenye benchi linalotazama barabara. Ndiyo kazi aliyonipa nilipostaafu kiwanda cha magodoro. Wapita njia waliniona ninavyofyonza kichwa mpaka macho yanataka kudondoka, wakaingia wakaagiza. Mke wangu alisema hakuna tangazo la redio linalofikia kidevu changu kikishang'aa mafuta.

Nikishashiba, nasimulia. Wateja waliniita Babu Chumvi, na sikuwahi kuwapinga. Hadithi waliyoipenda kuliko zote ni ya samaki asiyeungua. Niliwaambia kwamba kiwandani tulikuwa tunatia magodoro dawa ya kuzuia moto, na maji ya kuoshea mapipa yakaenda ziwani. Mpaka hapo ni kweli. Basi, nikaendelea, siku moja nikavua samaki, nikambandika juu ya makaa asubuhi, na jioni nikamkuta kajilalia, makaa kayazima kwa mkia. Zimamoto wakaja kumwajiri, akakataa kwa sababu hakuipenda sare.

Sijui nani aliipeleka hadithi hiyo maabara ya maji. Akaja binti aliyevaa buti za mpira, akaniamkia kwa adabu, akauliza yule samaki nilimvua upande gani. Ningemjibu nini? Nikamwelekeza karibu na bomba la kiwanda. Akavua huko, akachukua na wengine kwenye beseni la mke wangu, akawaweka kwenye barafu akaondoka nao.

Aliporudi hakuwa na kicheko. Dawa ya magodoro imo kweli ndani ya samaki. Alinihakikishia kwamba haiwazuii kuungua, lakini haiozi. Inajikusanya kwenye mafuta yao, na kadiri samaki alivyo mkubwa na mnene ndivyo anavyobeba nyingi. Kukaanga hakuitoi. Mtu hafi leo wala kesho, alisema, ila kumla kila siku kwa miaka si vizuri, hasa kwa watoto na wajawazito. Nikakitazama kitambi changu. Peke yangu nilikuwa nimeshakula godoro zima, tena la watu wawili.

Mke wangu akaliepua karai, akalitua chini. Wajukuu wetu wamekua wakila samaki hao hao. Akasema kuanzia kesho anakaanga wa kufugwa, wa kwenye bwawa la shemeji yangu, hata wakiwa wadogo kama kiganja, na mimi niwaeleze wateja sababu bila kuongeza kitu.

Nikavua kofia, nikawaeleza. Kinyozi wa jirani alicheka mpaka akashika nguzo. Dereva wa lori akaniomba nirudie pale pa mafuta. Kila nilivyoapa ndivyo walivyojipiga mapaja. Walipomaliza kucheka wakawatazama samaki wetu wadogo, wakavuka barabara kwenda kula wakubwa kwenye kibanda cha pili. Kesho yake wakaleta na wenzao waje kunisikiliza kabla ya kuvuka.

"Wanacheka, halafu wanakwenda kula kile kile," mke wangu aliniambia. "Baba watoto, huo mdomo wako umeniponza mara mbili."

"Sasa niseme nini?"

"Usiseme kitu. Kaa."

Akanikalisha kwenye benchi langu, akaagiza kutoka ng'ambo samaki mkubwa kuliko wote, akaniwekea mbele. Ngozi yake ilikuwa bado inatoa sauti ya mafuta. Mkono wangu ulikwenda wenyewe nusu ya njia, nikauita ukarudi. Nikaisukuma sahani pembeni, nikachukua samaki mdogo wa bwawani, nikamtafuna kimya. Machozi yalinitoka, na hayo sikuyatunga.

Ng'ambo, kinyozi alikuwa anapeleka tonge mdomoni. Likasimama hewani. Akalirudisha sahanini, akavuka.

"Babu, unaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Akamgeukia mke wangu, akauliza kwa sauti ya chini kama yale maneno ni ya kweli.

"Umewahi kumwona huyu akiacha kichwa cha samaki?" akamjibu.

Kinyozi akafikiri. Akavuta kiti, akaagiza wadogo wawili. Dereva naye akaja, ameshika kofia mkononi kama yuko msibani.

Jioni nilitumwa kwenda kumfukia yule mkubwa, paka wasije wakamgombea. Mke wangu alinisindikiza mpaka kwenye shimo la taka. Njia nzima hakuangalia anapokanyaga. Aliangalia mikono yangu.