Wimbo Alioucheza Baba

Walimwita Mkwaruzo kwa sababu ya sauti yake, na sauti hiyo sasa ilikuwa ikimfokea kaka yake mbele ya bendi nzima.

"Nani kakupa ruhusa?"

Kaka mtu, mpiga gitaa, hakuinua macho. Mkwaruzo alikuwa ameuleta wimbo ukiwa wa polepole, katika maina, ile ngazi ya sauti za huzuni, wa kuimbwa kichwa kimeinama. Ulisimulia siku baba yao alipobadilisha kitasa mama akiwa kazini, nguo zake zikamngoja barazani kwenye mifuko ya saruji. Kaka akauhamishia kwenye meja, ngazi ya furaha, akaukimbiza karibu mara mbili, na kwenye kiitikio akaweka makofi.

"Mama anafukuzwa, nyie mnapiga makofi?"

"Unachangamsha," alisema mpiga ngoma, ambaye siku za kazi alikuwa fundi bomba. "Watu wanataka kuruka, dada. Ule wa kwanza ulikuwa kama tunazika."

Walifanyia mazoezi kwenye stoo ya fundi makochi, kuta zimezibwa kwa vipande vya godoro, joto la kukaanga mtu. Wawili dhidi ya mmoja. Mkwaruzo akaimba hivyohivyo, shingo upande.

Jumamosi mchana ukumbi wa vijana ulijaa. Wimbo ulipoanza, watu waliruka mpaka vumbi likatimka kwenye mbao za jukwaa. Mkwaruzo alikuwa katikati ya ubeti wa pili alipomwona baba yao, mbele kabisa, shati limepigwa pasi, simu juu anarekodi, kiuno kinakwenda. Akamgeukia aliyesimama naye, na midomo yake ikasomeka wazi: "Hao wanangu hao!"

Mkwaruzo akainua mkono, ngoma zikakatika.

"Umemwalika wewe?" akamuuliza kaka yake, maiki ikiwa wazi.

"Ni baba yetu. Imba, usituaibishe."

Akageukia watu. "Baba, maneno ya wimbo huu unayajua?"

"Wimbo mtamu, mwanangu! Endeleeni!"

Basi akayasema bila gitaa wala ngoma, neno moja moja: kitasa, baraza, mifuko, na mwanamke anayebisha hodi kwenye nyumba yake kama mgeni. Baba akashusha simu.

"Mambo ya ndani unayaanika mbele za watu?"

"Uliyaanika wewe, barazani."

Baba akatoka bila kuaga. Kaka akachomoa waya wa gitaa kwa nguvu. "Umeridhika?" akauliza, akaanza kupakia vyombo.

Mkwaruzo akaenda moja kwa moja kwa mama, aliyekuwa amepanga vyumba viwili na kufua nguo za watu. Alimkuta akinyoosha mashuka. "Mama, leo nimekutetea," akasema, akamsimulia yote, akingoja kukumbatiwa.

Mama akatua pasi. "Nani alikutuma?"

"Mama!"

"Nakuuliza, nani alikutuma? Wimbo wako kakako alinipigia hapahapa. Nikamwambia, mwanangu, mimi sijafa, uongeze mwendo. Siku ile nililia, ndiyo, nikamaliza. Kisha nikabeba mifuko yangu, nikateremka ile barabara mbiombio, na moyoni nilikuwa mwepesi kuliko miaka yote niliyoolewa. Wewe umenilaza kwenye jeneza, unaniombolezea!"

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe huwa unasikia?"

Swali hilo likamzidishia Mkwaruzo hasira. "Na kumwalika baba, hilo nalo ulimwambia wewe?"

Mama akageuka. "Kamwalika nani?" Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nipe simu."

Alivyomshukia yule kijana wake, majirani walipunguza redio ili wasikose kitu.

Wiki iliyofuata walirudi stoo. Kaka na dada walikuwa bado wamenuniana, wanaongea ya kazi tu.

"Meja ileile?" kaka akauliza.

"Ileile, mwendo uleule. Gitaa lako ulishushe, maneno yasikike. Na makofi toa."

Akayatoa bila ubishi.

Siku ya onyesho lililofuata, kabla hawajapanda jukwaani, baba alimtumia Mkwaruzo ujumbe kwamba amemsamehe. Aliusoma mara mbili, hakuyaamini macho yake. Akampa kaka yake asome. Kaka akasonya, akaurudisha, na kwa mara ya kwanza tangu wagombane wakatazamana.

"Hesabu tuanze," Mkwaruzo akamwambia mpiga ngoma walipopanda jukwaani. "Tena uongeze mwendo kidogo."