Wazito Mbele

Kazi yangu ni kuwakalisha watu ndani ya ndege. Si kuwakaribisha, tuelewane; tabasamu la namna hiyo sina. Warukaji wakishavaa miavuli yao mgongoni, kila mmoja anapanda kwenye mizani yangu, ile ya kupimia magunia, namwangalia juu mpaka chini, nasema: wewe mbele, wewe katikati, wewe nyuma karibu na mlango. Ndege yetu ni ndogo. Viti viling'olewa zamani, watu wanakaa sakafuni wamebanana. Uzito ukizidi mkiani, pua inainuka, na ndege ikiinua pua kupita kiasi haipai tena, inaanguka. Hilo tu. Ndiyo maana wananiita Mizani, na nikiwapa kisogo wananiita mengine. Juzi nilimwambia daktari mmoja wa meno, "Mbele kabisa bwana, umenawiri," akanuna mpaka mawinguni. Anune tu. Alishuka mzima.

Mwenye klabu tunamwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyetundika picha za ndege ukutani, kwenye chumba cha kukunjia miavuli. Zote ni ndege zilizoanguka zikiwa na warukaji au askari wa miavuli, za huku na huku, za miaka na miaka. Mgeni haruki kwetu mpaka asimame mbele ya ukuta ule asikie kila moja ilivyoanguka, na msimuliaji ni mimi. Hii iliwekewa mafuta yenye maji. Hii, mwavuli wa mtu ulifumuka akiwa bado mlangoni, ukanasa mkiani. Hii, waliinuka wote kwa mpigo. Wageni huanza kwa kuchekacheka, nikifika picha ya tatu wametulia kama maji mtungini.

Picha moja huwa naipita. Iko mwisho, karibu na dirisha, ni ndege ya jeshi. Mume wangu alikuwa humo, kiongozi wa kikosi chake, na mimi nilikuwa na mimba ya binti yetu. Watu wanadhani naipita kwa sababu ya uchungu, basi wananiacha.

Chini ya picha ile hapakosi mama mkwe wangu. Kila mwisho wa wiki anakuja kumtazama mjukuu wake akiruka, na anakaa kwenye benchi lilelile, ncha ileile, kwa sababu pale ndipo anapojihisi karibu na mwanawe. Benchi lenyewe fundi alilikosea, miguu ya upande mmoja aliiingiza ndani mno. Walioko katikati wakiinuka, wa nchani anakwenda chini. Mama alishaonja sakafu mara moja, na tangu siku hiyo kila anayekaa naye anaambiwa, "Ukiinuka nishtue." Nimetaka kulichoma kuni benchi lile, amekataa katakata.

Pale ndipo anapowasimulia vijana habari za mwanawe. "Injini ilizima," anasema. "Wenzake wakachanganyikiwa. Mwanangu akasimama mlangoni akawaita, njooni, njooni, wajiokoe. Ardhi ikawawahi. Walikutwa wote mkiani, wamekumbatiana." Halii akisimulia. Anakaa wima, anaweka khanga yake sawa mabegani, anaomba maji. Habari ile ndiyo iliyomwinua kitandani baada ya mazishi. Ndiyo aliyombembelezea binti yangu alipozaliwa, wakati mimi sikuwa na nguvu hata ya kumshika mtoto. Nampenda mama huyu, nasema wazi. Wangapi wana mama mkwe wa kugombana naye asubuhi na kula naye mchana?

Ila mimi habari ninayoijua ni nyingine. Aliyepona katika ndege ile ni mmoja tu, sajini, aliyetupwa nje mkia ulipokatika. Alipoweza kusema aliniita hospitali. "Shemeji," akaniambia, "injini haikuzima. Ilinguruma mpaka chini." Ndege yao kubwa ilikuwa karakana, siku ile wakapewa ndogo. Na wao walikuwa wamefundishwa kutoka haraka, bega kwa bega, wasitawanyike wakifika chini. Kwenye ndege kubwa haina neno. Mume wangu akasimama mlangoni kama alivyozoea, mcheshi kama alivyozoea, akaita njooni, njooni. Wakaenda wote. Pua ikainuka. "Mama yake asijue," sajini akasema, nami nikaona sawa. Kujua kungemfufua nani?

Mwaka huu ikafika siku ya kuwakumbuka. Jamaa za marehemu walikuwa wamekaa kwenye viti nje, wamevaa vizuri, wanakunywa soda. Kila mwaka warukaji wetu huruka kwa heshima yao, mmoja mmoja, na mimi huwakalisha kama kawaida. Nilikuwa chumba cha kukunjia miavuli, namkagulia binti yangu kamba zake. Bibi yake alimpa jina la Kishada tangu ana meno mawili, na jina likamfuata mpaka angani.

"Mama," Kishada akasema, "leo hatutoki mmoja mmoja. Tutajikusanya mlangoni wote, tukumbatiane, tutoke kwa pamoja. Kama baba na wenzake."

Nikaendelea kushika kamba, nisije nikashika shingo ya mtu.

"Nani kakutia hayo kichwani?"

"Bibi. Si ndivyo walivyokutwa?"

Mama mkwe pale nchani mwa benchi akatabasamu, amefurahi kweli. Mwalimu akaingia na kamera yake, naye akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: eti itakuwa picha ya kukumbukwa, eti ni sekunde chache tu, eti Rubani ataongeza mwendo. Rubani mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Inawezekana?" nikamuuliza.

"Nimeambiwa inawezekana."

"Sikukuuliza ulichoambiwa."

Akatazama ndani ya kikombe. "Wote nyuma kwa mara moja, sijawahi."

"Basi hamtoki hivyo," nikasema. "Na ukuta huo mnausoma kila siku, sijui mnausoma kwa macho gani."

"Mama, kwako kila kitu kinaanguka," Kishada akasema. Hakusema kwa jeuri, alisema kwa kuchoka. "Zile za ukutani marubani walizubaa. Na ya baba iliangushwa na injini, haikuangushwa na watu. Watu walishikana mpaka mwisho."

Mwalimu akaniwekea mkono begani. "Leo wewe ni mjane wa marehemu," akasema taratibu. "Kaa na wageni, upumzike. Leo nitawakalisha mimi." Nia yake ilikuwa njema, na hapo ndipo ilipokuwa hatari, kwa sababu mtu mwenye nia njema humtukani ukamaliza. Mizani yangu ikawa imekwenda hivyohivyo, kwa upole.

"Mama Kishada," mama mkwe akaniita. "Mwachie mtoto. Anamkumbuka baba yake. Wewe una nini lakini?"

Nikamtazama binti yangu, amevaa mwavuli wake, ana kovu dogo kidevuni la kuanguka kwenye ngazi za nyumba yetu. Nikamtazama bibi yake. Mmoja nimvunje moyo au mwingine nimkose kabisa. Hapo sikuhitaji kumpandisha mtu kwenye mizani. Nikapiga moyo konde, nikachuchumaa mbele ya yule mama.

"Mama, injini haikuzima."

Akaweka khanga yake sawa mabegani.

"Ilikuwa inanguruma mpaka chini. Aliyeniambia ni sajini. Walipewa ndege ndogo siku ile, wakafanya walichozoea kwenye kubwa. Aliwaita mlangoni, wakamwendea wote, mkia ukalemewa." Nikaona hanielewi, au anakataa kuelewa, nikaweka mkono kwenye mbao alizokalia. "Ni kama benchi hili, mama."

Vidole vyake vikashika ukingo wa benchi. Nilijua ameelewa, maana alishika kama anavyoshika siku zote mtu wa katikati akitaka kuinuka. Mwalimu alishusha kamera. Nje mtoto wa mtu alikuwa anaburuza kiti, na nilitamani aendelee kuburuza ili pasiwe kimya.

"Aliwaita," mama akasema.

"Aliwaita. Ndivyo walivyofundishwa, kutoka pamoja. Hakuwa mzembe."

"Nao wakamwendea."

"Ungemkatalia vipi mtu yule? Wewe mwenyewe ulikuwa ukimkatalia?"

Akatikisa kichwa, kidogo sana. "Kwa hiyo ndiyo sababu sajini hakuwahi kunitazama usoni," akasema. "Nilidhani ananiringia kwa kuwa amepona." Niliuchukia mdomo wangu. Ningelipwa kwa matusi ningeyapokea na kushukuru, lakini hakunitukana. Aliitazama picha karibu na dirisha, akaitazama sana, na mimi magoti yakaanza kuniuma na sikuthubutu kuinuka.

Kishada ndiye aliyesogea. Akaja akakaa kwenye benchi, katikati, na mwavuli wake mgongoni, akalia kimyakimya kama alivyokuwa akilia utotoni akijua amekosea. Baadaye akafuta uso akataka kusimama. Bibi yake akamdaka mkono.

"Mke mwenzangu, ukiinuka nishtue."

Wakainuka pamoja. Mama mkwe akatoka nje, sisi nyuma yake, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mizani ambako warukaji walikuwa wamepanga mstari. Mwalimu alinitazama. Nikamwambia kwa macho, jaribu uone. Hakujaribu, alirudi nyuma akampisha.

"Mnanijua," mama akawaambia wale vijana, na sauti yake iliwafika hata wageni kwenye viti. "Nimewasimulia sana kwamba mwanangu aliwaita wenzake nyuma. Ni kweli, aliwaita. Wakaenda, na ndege ikaanguka kwa kuwa walikwenda. Hakujua. Leo mimi nawaita mbele."

Mzee mmoja aliyempoteza kaka yake humo alivua kofia, akaikalisha gotini. Mwanamke mmoja aliondoka na mkoba wake bila kuaga, na sikumlaumu. Wapo watakaotuchukia, ni haki yao. Ila pale mizanini kazi iliendelea. Nilikuwa nasoma uzito, yeye anaita.

"Huyu mnene?" akaniuliza, akimwonyesha daktari wa meno kwa kidole.

"Mama, punguza sauti."

"Mbele, baba," akamwambia daktari. "Usinune, hata mume wangu alikuwa hivyo na nilimpenda." Daktari akacheka mpaka mikanda ikamlegea, akaenda mbele. Mimi ningesema maneno yaleyale, ningenuniwa wiki nzima.

Kishada ni mwepesi, akakaa nyuma karibu na mlango. Kabla hajapanda aliniambia, "Mmoja mmoja, mama." Nikamwambia najua. Sikujua, lakini ndivyo mtu anavyosema.

Ndege ikapaa. Niliitazama pua yake tu, sikutazama kitu kingine, mpaka shingo ikakakamaa. Pua ilibaki ilipotakiwa kubaki. Huko juu wakaanza kutoka: akatoka mmoja, akangojwa afike mbali, akatoka mwingine, na miavuli ikafunguka huku na kule bila mpango, kama nguo zilizopeperushwa kambani. Picha ya Mwalimu haikupatikana. Mmoja alitua karibu na choo. Kishada alikwenda kutua mwisho kabisa wa uwanja, kwenye majani marefu, na kwa muda hatukumwona.

Halafu tukamwona, anakuja anaburuza mwavuli wake, anachechemea kidogo kwa sababu ya kiatu kilichomvuka. Mama mkwe akaiacha mizani akaanza kwenda. Mwendo wake ni wa polepole, lakini nilishindwa kumfikia, machozi yalikuwa yamenijaa sioni ninapokanyaga. Akamkumbatia mjukuu wake pamoja na kamba na kitambaa chote. Warukaji wengine walikuwa wanapita kando kwa heshima, akamvuta wa kwanza, akamvuta wa pili, akamvuta daktari wa meno, na mimi akanivuta kwa shati, mpaka tukawa tumebanana wote, tunanuka jasho na majani.

"Haya," akasema kutoka katikati yetu. "Mambo ya kukumbatiana ni ya huku chini."