Sailensa Tatu na Kiganja cha Babu

Bomba la moshi la gari la mjukuu wangu lilikuwa limetoboka, na kila alipoliwasha mchana, jirani yetu muuguzi aliamka. Muuguzi huyo hufanya kazi zamu ya usiku. Mwaka jana nilipoumia mguu, alikuja kunisafisha kidonda kila asubuhi kwa wiki sita, kabla hajavua hata viatu vya kazini. Sasa alikuwa analala vipande vipande kwa sababu yetu. Nikamwambia mjukuu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, ama ubadilishe bomba, ama ulisukume gari mpaka barabarani." Alilisukuma siku mbili. Siku ya tatu tukaenda gereji.

Kosa letu ni kwamba tulimchukua na babu yake, achague yeye. Mume wangu alikuwa fundi wa malori miaka thelathini na minne, na mwenye gereji ile alifundishwa naye kushika spana. Lakini malori hayohayo ndiyo yaliyomla masikio. Hasikii vizuri, na hakubali. Anasema watu wa siku hizi wananong'ona. Nyumbani sote tunajua na sote tumenyamaza. Nje ya nyumba nilidhani hakuna anayejua.

Fundi alimpokea kwa mikono miwili, akampangusia kiti ambacho tayari kilikuwa safi. Akatueleza kwamba turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, huzungushwa na moshi unaotoka, kwa hiyo bomba likiwa jembamba injini inapumua kama mtu mwenye mafua. Bomba pana ni lazima. Kilichobaki ni kuchagua sailensa ya nyuma, ile inayomeza kelele. Alikuwa nazo tatu. Angezifunga moja moja, tusikilize.

"Achague Babu," mjukuu akasema. "Sikio lake ndilo kipimo."

Nikatazama viatu vyangu.

Ya kwanza ilikuwa kama kikopo tu. Gari lilipowashwa, mabati ya paa yalitetemeka, na paka aliyekuwa amelala juu ya matairi akaondoka bila kuaga. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho, kama mtu anayeonja chumvi.

"Hii imetulia," akasema. "Fungeni hii."

Mjukuu akanitazama. Nilijua anachotaka: niseme mimi. Nikisema, nitamvua nguo mume wangu mbele ya mwanafunzi wake. Nisiposema, muuguzi hatalala mpaka astaafu. Mwishowe nikasema tusikilize na nyingine, maana tumetoka mbali. Hatukutoka mbali.

Fundi akazima injini. Akajifuta mikono polepole, akachuchumaa mbele ya kiti, uso kwa uso na mzee, akasema bila kupaza sauti, akiliumba kila neno wazi kwa midomo:

"Mwalimu, wewe ulitufundisha kwamba masikio hudanganywa na kuta. Ulisema tupime kwa kiganja. Naomba utupimie."

Sijui kama mume wangu aliwahi kufundisha hivyo. Kwa jinsi alivyochelewa kuitikia, nadhani hata yeye hakukumbuka. Lakini alisimama, akakunja mikono ya shati, akaweka kiganja kwenye mlango wa gari kupima mtetemo.

Injini ilipowashwa tena, aliuondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. "Hapana," akasema kwa ukali, kana kwamba ni sisi tulioisifu. Ya pili ilimkunja uso. Ya tatu ilikuwa nene kama mto wa kulalia, naye aliacha kiganja mlangoni muda mrefu mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi.

"Hii inapumua vizuri," akasema. Kisha, akiwa bado anautazama mlango: "Ile ya kwanza ilikuwa na kelele sana?"

Hakuna aliyecheka.

"Sana, Babu," mjukuu akajibu. "Paka amehama."

Hapo mzee akacheka mwenyewe, akacheka mpaka akamshika fundi bega.

Wakati wa kurudi alikaa mbele, kiganja juu ya dashibodi. Baada ya kona ya kwanza akaniuliza, bila kugeuka, gari linasemaje. Katika miaka yetu yote hakuwahi kuniomba nimsikilizie kitu. Nikasogea nyuma ya kiti chake, nikamwambia linanguruma chinichini, kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

"Na sasa?" akauliza kwenye kona iliyofuata.

Nikamwambia. Akauliza tena, na tena. Gari lenyewe lilipoishiwa na mapya, nikamweleza habari za indiketa, na jinsi mjukuu wake anavyopiga mluzi vibaya.

"Hilo," akasema, "hata mimi nalisikia."