Kichwa cha Lucky

Sista Kandida alihamia kliniki yetu ya methadoni, dawa ya wanaoacha unga, hapa Arusha akitokea Rombo, na msimamo wake alikuja nao: teja ni teja. Hata kikombe cha dawa aliwapa kwa glavu, na salamu zao hakuitikia. Mimi, Violet, muuguzi mwenzake, nilimsema mpaka nikachoka.

Asubuhi moja ikafika zamu ya Lucky, kijana wa Ngaramtoni aliyeacha unga tangu masika. Alisogea dirishani, akainamisha kichwa, akatulia hivyo hivyo.

“Unaona?” Kandida akaniambia. “Ameshavuta, anasinzia. Leo hapati dawa.”

Ndiyo sheria, aliyelewa hapewi. Lakini ukimnyima mtu aliyeacha, umemrudisha kijiweni wewe mwenyewe. Nilikasirika, nikasogea dirishani.

“Lucky, umetumia?”

“Sijatumia, dada.” Kichwa bado kiko chini. “Nasubiri.”

“Unasubiri nini? Pisha wenzako,” Kandida alisema.

Mama yake Lucky, Silantoi, alikuwa amemsindikiza akipeleka maziwa mjini, Levolosi. Aliinuka kwenye benchi, akaja dirishani taratibu.

“Sista, kwetu Waarusha mtoto akimsalimia mkubwa huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa. Alipokuwa kwenye unga hakuniinamia hata mimi niliyemzaa. Ameanza tena juzi. Sasa utamgusa, au shingo imkauke hapo?”

Foleni nzima ilicheka. Mimi mtoto wa Moshi niliyaona hayo sokoni kila wiki, wala sikuwahi kuuliza maana yake. Kandida aliona haya, akapitisha mkono dirishani.

“Na hiyo glavu?” Silantoi akauliza.

Kandida aliivua. Akamgusa Lucky utosini, na mkono ukakaa pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akampa dawa. Mgonjwa akishameza lazima aongee, tujue hajaificha mdomoni.

“Shikamoo, mama,” Lucky alisema.

“Marahaba, mwanangu.”

Nilifurahi, nikajifanya napanga vikombe.

Aliyefuata alikuwa Romanus wa Kimandolu, Mchaga mtupu. Naye akainamisha kichwa. Nyuma yake foleni yote ikainama, hadi yule mzee mwenye ndevu nyeupe anayemzidi Kandida umri.

“Romanus, tangu lini Wachaga tunasalimiana hivi?” Kandida akauliza.

“Tangu leo, mama.”

Kandida alizitazama glavu zake mezani, akaziacha hapo, akanyoosha mkono.