Papai Bichi kwa Nyama ya Mwenyekiti

Fundi cherehani alisogeza mashine ukutani, akafuta meza, akaanza kukanda unga wa piza palepale alipokatia suruali za watu. Hamira ilikuwa nzuri. Donge liliumuka hadi likagusa kopo la vifungo. Nyama ilikuwa ya paja, ya ng'ombe aliyezeeka kazini, kwa hiyo aliikata vipande vidogo, akaipaka papai bichi lililosagwa, akaiacha ilainike. Nanasi alilikata vipande vyembamba, vya kupanga juu.

"Papai usilibanie," alisema mama yake kutoka kitandani. "Hilo hulainisha hata kilichokwishamezwa."

Mama alikuwa na vidonda vya mgongoni kwa kulala muda mrefu, na muuguzi alisema vioshwe asubuhi na jioni, la sivyo vitamla hadi mfupani. Maji yalikuwa bondeni. Yangekuwa uani, chini ya dirisha lake, kama Mwenyekiti wa wapangaji asingekula pampu ya kisima.

Aliila mwaka wa kiangazi kirefu, wapangaji walipomaliza tu kuchimba kisima. Aliila mchana kweupe, kwa chumvi, na watu wakimwona. Kabla ya hapo alikula taa za ngazini, na kabla ya taa, madawati ya chekechea, yaliyomkwama kooni wiki nzima tukaambiwa tumwombee. Wapo wanaosema yaliyopita si ndwele. Hao hawabebi maji.

Fundi alimwalika amwombe pampu nyingine. Piza iliokwa kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, mpaka jibini likayeyuka na nanasi likaungua kingo. Mwenyekiti akaingia, tumbo likimtangulia, akapewa kiti chenye mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujashiba tu, mwanangu?"

"Uongozi ni njaa tupu, mama."

Alikula kipande cha kwanza akasifu. Katikati ya kipande cha pili aliinama, akatoa pampu. Ilitoka nzima, na mpini wake na bolti zake, ikivuta uzi wa jibini. Fundi viatu, jirani aliyefuata harufu hadi mlangoni, aliipokea isipasue sakafu.

"Pole," alisema fundi cherehani.

"Asante. Ilikuwa inanichoma ubavuni."

"Basi tuifunge leoleo, Mwenyekiti. Kisima kipo. Mama yangu anaoza hapa."

Mwenyekiti alifuta mdomo, kisha akaifuta pampu kwa kitambaa hichohicho. "Dada yangu, kitu kikitoka tumboni mwa mtu, ni cha nani?"

Fundi viatu alifikiri kwa uaminifu. "Mtoto ni wa aliyemzaa," akasema.

"Umesikia mwenyewe. Lakini mimi si mchoyo."

Akaondoka nayo begani, na piza iliyobaki mkononi.

Jumapili wapangaji waliitwa uani kwa Mwenyekiti. Pampu ilisimama juu ya jiwe, imepakwa rangi ya samawati, mbali kabisa na kisima. Kibao kilisema: PAMPU HII IMETOLEWA NA MWENYEKITI. Hakuna aliyepinga, maana walioshuhudia akiitoa walikuwapo. Katibu wake alieleza kwamba haitafungwa kisimani. Zawadi huenziwa, haichakazwi. Mikono iliyochimba kisima ndiyo iliyopiga makofi.

Fundi alirudi chumbani, makofi bado yakisikika dirishani.

"Wanashangilia nini?" mama aliuliza.

"Mwenyekiti ametoa pampu."

"Ametoa kweli. Nilikuwapo. Na maji?"

"Maji bado, mama."

"Haya. Njoo unigeuze, ubavu huu umechoka."