Kukhu Nasambu Hayumo Kwenye Yaliyomo

Haki ya nani, haya ni kweli tupu. Anayebisha aje hapa Kibomet nimwonyeshe kompyuta yenyewe. Tangu nistaafu udereva nimejifundisha kuitumia, na nimewaambia watu ati hata serikali ikikwama hunipigia mimi simu.

Nangila aliamini. Akanijia kutoka Chwele na kitabu cha ukoo wao: babu mmoja, wake watatu, kila nyumba sura yake.

“Mzee Hiram, Kukhu Nasambu, nyanya yetu, ndiye mke mkubwa. Nyumba yake itangulie. Na mimi ni wa nyumba ya pili; ikikosewa, si unajua watakavyosema?”

“Niachie, mama.”

Kichwa cha sura ukikipa mtindo, kompyuta hukihesabu yenyewe na kukipeleka kwenye yaliyomo. Nikaunda mtindo wangu: herufi nene, kijani, “Sura ya” na nambari. Lakini kichwa cha Kukhu kilikataa. Nikakikoleza kwa mkono tu, kikafanana na wenzake, ila hakikupata nambari wala kuingia kwenye yaliyomo. Sura ya Kwanza ikamwangukia Nekesa, mke wa pili. Niliona, bana. Niliona, nikaenda kunywa chai.

Kitabu kikachapishwa Bungoma. Siku ya kukizindua, mjukuu akamsomea Kukhu yaliyomo: Sura ya Kwanza, nyumba ya Nekesa. Sura ya Pili, nyumba ya tatu. Basi.

Kukhu akauliza, “Na mimi mlinizika lini?”

Watu wa nyumba kubwa wakasimama. “Nangila! Si tulisema? Mmetufuta!”

Nangila akanitazama. Nami, mdomo huu, nikasema, “Kukhu, kompyuta za kisasa zina adabu. Mke mkubwa hatajwi mlangoni, hukutwa ndani amekaa.”

Watu wakacheka. Kukhu naye akatabasamu, akaniamini.

Nangila hakucheka. Alifungua laptopu yake, akabofya kichwa. “Njooni muone. Vingine vina mtindo. Hiki kimepakwa rangi tu. Mzee, uliona?”



“Niliona.”

“Vitabu utavirudisha Bungoma vichapwe upya, kwa mfuko wako,” Kukhu akasema. “Na kondoo wa faini. Sasa hivi, kabla hatujala. Na Nangila umwombe msamaha mbele ya hawa waliomtukana.”

Nikamwomba. Kisha nikaenda sokoni, nikarudi nikivuta kondoo katikati ya nyumba zote tatu. Kukhu akampapasa mgongo.

“Amekonda,” akasema. “Lete mwingine.”

Nikageuka, nikarudi sokoni.